Vitenzi vinne vya kukarabati nyumba ya zamani

Mtafsiri wa maandishi ya ujenzi anapaswa kuelewa kazi yenyewe kabla ya kuchagua neno. Tuchukue mfano wa Ujerumani, ambako nyumba za zamani hukarabatiwa ili zitumie nishati kidogo wakati wa baridi. Passivhaus Institut, taasisi ya mjini Darmstadt, imeweka kipimo kiitwacho EnerPHit kwa ajili ya nyumba hizo. Njia moja ya kukifikia katika baridi ya Ulaya ya kati ni hii: nyumba isihitaji zaidi ya kilowati-saa 25 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwa nyumba mpya ya aina hiyo, kikomo ni 15.

Kazi hiyo inahitaji vitenzi vinne.

1. Kuhami. Ni kuvika kuta, paa na sakafu kitu kisichopitisha joto kwa urahisi, kama sufu ya mawe. Kitu hicho huitwa kihami.

2. Kuziba. Hewa hupenya kwenye nyufa, hasa kandokando ya madirisha. Sufu peke yake haiizuii; ndiyo maana kuziba si kuhami. Tumezoea kusema paa linavuja mvua inapoingia. Hapa kinachovuja ni hewa.

3. Kukata daraja la joto. Kifaransa husema « pont thermique ». Ni pale ambapo zege au chuma hupenya kihami, mathalani roshani iliyoungana na sakafu ya ndani. Joto huvukia hapo kwenda nje.

4. Kupitisha hewa. Watu hutoa unyevu wanapopumua, kupika na kuoga. Zamani ulitokea kwenye nyufa, ambazo sasa zimezibwa. Kwa hiyo huwekwa mashine inayotoa hewa iliyotumika na kuchukua joto lake ili kupasha hewa safi inayoingia.

Tuseme mtafsiri ameandika « kuziba » kwa vitenzi vitatu vya kwanza, na cha nne amekiacha. Fundi atakayemfuata ataziba nyufa tu. Unyevu utageuka maji kwenye ukuta baridi, kama jasho la chupa iliyotoka friji, kisha kuvu itaota, na wenye pumu watateseka.

Zoezi
a) Tafsiri: « Isoler sans ventiler, c'est enfermer l'humidité. »
b) Eleza kwa nini kitenzi « kufunika » hakitoshi kutafsiri « isoler ».