Mafunzo Niliyopata kwa Kufunga Simu za Intaneti Madukani

Kazi yangu ni kufunga simu za intaneti kwenye biashara ndogo za Dar es Salaam: maduka ya vipuri Kariakoo, ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari, zahanati, na kampuni za utalii zenye tawi Arusha. Wengi wanaoniita wanataka kupunguza gharama za vocha. Unafuu huo upo, hasa kwa mwenye matawi, maana simu ya Dar kwenda Mwanza ndani ya mfumo wake mwenyewe hailipiwi dakika. Lakini kila ninavyozidi kuifanya kazi hii, ndivyo ninavyoamini kwamba faida kubwa iko kwingine. Mwenye biashara anapata kujua nani alipiga, nani alimpokea, na nani alikata tamaa. Mafunzo haya yote yanaelekea huko.

1. Namba iwe mali ya biashara

Kwenye maduka mengi, namba iliyoandikwa kwenye kibao na kwenye risiti ni ya laini anayotembea nayo muuzaji. Muuzaji akihamia duka la jirani, wateja wanahama naye, kwa kuwa wanachokijua ni ile namba. Mfumo wa intaneti unatenganisha namba na kifaa. Namba moja inayoanza na 022 inaweza kuita simu tatu za mezani kwa pamoja, na zisipopokelewa, simu ikahamia kwenye programu iliyo katika simu ya mkononi ya mwenye duka. Mfanyakazi akiondoka, unafuta ekstensheni yake (namba yake ya ndani) tu.

Namba hiyo ichukuliwe kwa mtoa huduma mwenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na mkataba uandikwe kwa jina la biashara. Wapo wanaokuja na dakika za bei ya chee zinazopitishwa kwenye masanduku yaliyojaa laini za simu. Kupitisha simu za watu kwa njia hiyo bila leseni ni kosa, na masanduku hayo yakikamatwa, mawasiliano yako yanakufa siku hiyohiyo.

2. Intaneti itulie; kasi peke yake haisaidii

“Fundi, nalipia mega 20, mbona sauti inakatikakatika?” Swali hili naulizwa mara kwa mara, na jibu lake linataka kueleweka vizuri. Sauti yako hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20 kila kimoja, yaani vipande 50 kwa sekunde kwa kila upande. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, simu moja inatumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Kwa G.729 ni kama kilobiti 31. Simu kumi zinazoongea kwa wakati mmoja, hata kwa ile kodeki nzito, hazifikishi megabiti moja kwa kila upande.

Kwa hiyo mega 20 zinatosha na kubaki. Kinachoharibu sauti ni vipande kupotea njiani au kufika kwa vishindo, vingine mapema, vingine kwa kuchelewa. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Enzi tulipotegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kupanda na kushuka peke yake kulichukua kama robo sekunde, na watu walikuwa wakiongea kwa kugongana. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani yetu mwaka 2009, mlango wa simu za intaneti ulifunguka.

Siku hizi tatizo la sauti mara nyingi nalikuta ndani ya ofisi. Kamera za ulinzi zinapandisha picha mtandaoni mchana kutwa, kompyuta ya mhasibu inahifadhi mafaili, na simu ya mezani imeunganishwa kwa waifai kupitia kuta mbili. Dawa yake ni hii: simu za mezani ziende kwa waya, na ruta ipangiwe kuitanguliza sauti kama magari yanavyolipisha gari la wagonjwa. Pia pima kasi ya kupandisha data, kwa maana vifurushi vingi huonekana vikubwa kwa upande wa kushusha tu.

3. Hesabu umeme kabla ya kuhesabu simu

Simu ya mezani ya zamani ilipata umeme wake, volti 48, kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule wa sauti. Mtaa ukiwa giza, simu ilikuwa inalia. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Kifaa cha faiba, ruta, swichi na simu yenyewe, vyote vinahitaji umeme, na kimoja kikizima mnyororo wote umekatika.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na hali imekuwa nafuu, lakini umeme kukatika kwa muda mfupi bado kupo. Ninachokifanya ni kuweka swichi inayopeleka data na umeme kwenye waya mmoja. Kwa kiwango cha kawaida cha swichi hizo, tundu moja linaweza kutoa hadi wati 15.4, ambazo ni zaidi ya mahitaji ya simu ya kawaida ya ofisini. Hapo swichi, ruta na kifaa cha faiba vinakaa kabati moja na UPS moja (betri ya akiba), na simu za ofisi nzima zinaendelea kuongea. Mwenye duka asiye na uwezo wa jenereta anaweza kumudu hilo.

4. Jua mitambo yako inakaa wapi

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku zile tofauti ilionekana wazi. Ofisi ambayo mtambo wake wa simu uko kwenye seva ya Ulaya inaweza kushindwa kupiga hata kutoka mapokezi kwenda chumba cha pili, kwa sababu ombi la simu linavuka bahari kabla ya kurudi. Ofisi yenye mtambo wake hapahapa, na namba ya mtoa huduma wa ndani, haina sababu ya kuvuka bahari ili izungumze na Mwanza.

Mtambo wa ndani si jambo la matajiri tena. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Mark Spencer, alianzisha kampuni ndogo ya kusaidia watumiaji wa Linux, akashindwa kumudu bei ya swichibodi. Akaandika yake mwenyewe, ikaitwa Asterisk, na akaitoa bure. Hadi leo Asterisk inaendesha ofisi nyingi ndogo duniani, na inaweza kukaa kwenye kompyuta ya kawaida tu. Gharama halisi iko kwa mtu wa kuitunza.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaliulizi. Uhamishaji wa simu wakati wa dharura uwekwe kwa mtoa huduma, usiwekwe kwenye mtambo wa ofisini peke yake. Mtambo uliozimika hauwezi kuhamisha simu kwenda popote.

Na wafanyabiashara wanaokwenda Dubai wajiandae mapema. Falme za Kiarabu zimekuwa zikizuia simu za sauti za WhatsApp na kuruhusu huduma zenye kibali, kwa hiyo programu iliyokuwa inalia vizuri Kariakoo inaweza kunyamaza huko. Kabla ya safari, elekeza simu zako kwa mtu aliyebaki.

5. Mwizi wa simu anakuja usiku

Mtambo wa simu ukiwekwa wazi kwenye intaneti, programu za wahalifu huanza kuugonga kupitia mlango wa 5060, ule wa kawaida wa SIP (lugha ambayo simu za intaneti huitana kwayo), zikijaribu nywila. Ekstensheni 101 yenye nywila 101 haikawii kufunguliwa. Mwizi haji kusikiliza maongezi yako. Anatumia laini yako kupiga namba za ng’ambo zenye gharama kubwa, ambazo mapato yake anagawana na wenzake. Anapenda usiku na mwisho wa wiki, ofisi ikiwa imefungwa, na deni linabaki kwa mwenye namba.

Kinga yake ni rahisi. Weka nywila ndefu zinazotofautiana, funga simu za kimataifa na ufungue nchi unazofanya nazo biashara tu, na mwombe mtoa huduma akuwekee kikomo cha matumizi. Fundi akikuambia hayo ni mambo ya baadaye, tafuta fundi mwingine.

6. Mteja asiulizwe maswali mengi

Mfumo unaruhusu sauti ya kumwelekeza mpigaji abonyeze moja, mbili, hadi tisa. Nawashauri wateja wangu waishie mbili. Anayekupigia kwa simu ya mkononi anakatwa salio au dakika za kifurushi chake tangu ile sauti inapoanza kuongea. Muziki wa kusubiri ni pesa yake inayoteketea. Kiswahili kitangulie, ukaribisho uwe mfupi, na mzee asiyejua kubonyeza akisubiri kidogo apelekwe moja kwa moja kwa mtu. Kama unarekodi maongezi, mwambie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakugusa hata wewe mwenye duka dogo.

7. Orodha ya simu zisizopokelewa ndiyo hazina yenyewe

Kila mtambo wa intaneti unaandika kumbukumbu: namba, saa, muda wa maongezi, na kama simu ilipokelewa. Hapa ndipo naona biashara zikibadilika. Mama mmoja mwenye duka la vipuri aliniambia wateja wake hupiga asubuhi. Tulipofungua kumbukumbu tukakuta simu nyingi zisizopokelewa ni za saa ya chakula cha mchana, muda ambao mafundi gereji wanapumzika na kuagiza vifaa. Akapanga wauzaji wake wapishane kula. Hakununua kifaa kingine chochote.

Nchi yetu inajua kubipu. Watu wengi huacha simu iite mara moja kwa sababu hawana salio, wakitumaini watapigiwa. Kwenye laini ya muuzaji, mwito huo unazama kwenye maongezi yake binafsi. Kwenye mtambo, unabaki na saa yake. Nawaomba wateja wangu wamteue mtu mmoja wa kupiga orodha hiyo kila siku kabla ya kufunga.

Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, kabla ya kununua chochote, kaa wiki moja na daftari uandike kila simu inayoingia na iliyokupita. Halafu kagua umeme wako na intaneti yako. Anza na simu mbili, uzione zikifanya kazi wakati umeme umekatika na siku ya mvua kubwa, ndipo uongeze. Na hata kama hutanunua mfumo wowote mwaka huu, fungua simu yako jioni ya leo uwapigie waliokupigia wasikupate. Hao walishaamua kununua kwako.