Unafanya kazi ng'ambo ya mpaka? Usilipe ushuru mara mbili, usipoteze akiba yako

Kila asubuhi kuna watu wanaovuka Busia, Malaba, Namanga au Taveta kwenda kazini, na jioni wanarudi kulala nyumbani Kenya. Mshahara unaingia, karo inalipwa kwa simu, stima inanunuliwa, maisha yanasonga. Ikifika Juni, msimu wa ritani, swali linakuja: huu mshahara wa ng'ambo unahusu KRA? Na yule rafiki anayekwambia "jaza nil tu", umsikilize?

Jibu fupi: unahusu, na nil si jibu. Habari njema ni kwamba ukiwa na karatasi sahihi, huenda usidaiwe hata shilingi. Tuone vile inafanya kazi kwa mtu aliyeajiriwa.

Kiushuru, wewe ni mkaazi wa wapi?

Ukiwa na makao ya kudumu Kenya, na ukawa nchini hata siku moja katika mwaka huo, sheria inakuhesabu mkaazi. Kama huna makao ya kudumu hapa, siku ndizo huhesabiwa: 183 au zaidi mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka ukijumlisha huo na miwili iliyotangulia.

Mkaazi hutozwa ushuru wa mshahara wake hata kama ameupata nje ya Kenya. Nayo nchi anakofanyia kazi inakata ushuru kwa sababu kazi imefanyika kwake. Ndiyo maana mshahara mmoja unaweza kudaiwa na serikali mbili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini makubaliano ya kuzuia jambo hili mwaka 2010, lakini yalikwama yakingoja baadhi ya nchi kuyaridhia.

Kinachokuokoa ni sheria ya Kenya yenyewe. Raia wa Kenya aliyekatwa ushuru wa mshahara nje anaweza kuupunguza kutoka kwa ushuru anaodaiwa hapa. Kuna kikomo: huwezi kupunguza zaidi ya ule ushuru ambao Kenya ingekutoza kwa mshahara huo.

Tupige hesabu

Tuchukue fundi anayeishi Busia upande wa Kenya, ameajiriwa kwenye gereji upande wa Uganda kwa UGX 1,400,000 kwa mwezi. Tuchukulie KSh 1 ni UGX 28, kwa hivyo mshahara wake ni KSh 50,000. Tunatumia viwango vya 2025, na kwa urahisi tunaacha kando makato mengine.

- Uganda, kama anahesabiwa mkaazi kule pia kwa sababu ya siku anazokaa kazini: ushuru ni UGX 322,000, yaani KSh 11,500.
- Kenya, baada ya kuondoa nafuu ya KSh 2,400 anayopewa kila mlipa ushuru mkaazi: ni kama KSh 7,383.

Uganda imekata zaidi ya kile Kenya ingetaka. Kwa hivyo Kenya anadaiwa sufuri. Ile tofauti ya KSh 4,117 hairudishwi, hiyo imeenda.

Sasa tuseme hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alikatwa Uganda. KRA ikiuliza, anadaiwa KSh 7,383 mara miezi 12, yaani karibu KSh 88,600 kwa mwaka, kabla ya faini na riba. Mshahara ni uleule na kazi ni ileile. Kilichokosekana ni ushahidi.

Akiba ya uzeeni haivuki mpaka yenyewe

Uganda, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya NSSF na mwajiri anaongeza asilimia 10. Kwa fundi wetu hiyo ni UGX 210,000 kila mwezi, sawa na KSh 7,500. Tangu 2022 sheria inawahusu waajiri wote, hata gereji ya mfanyakazi mmoja.

Pesa hizo zinabaki kwenye NSSF ya Uganda, chini ya namba yako ya kule, na kwa kawaida hulipwa ukifika miaka 55. Hazihamii NSSF ya Kenya kwa sababu umerudi nyumbani. Kama huna namba ya uanachama, au mwajiri anakukata na hapeleki, utajua umechelewa. Omba taarifa ya michango yako angalau mara moja kila miezi mitatu.

Matibabu

Mwajiri wa Uganda hakukatii SHA. Familia yako ikiwa Kenya, jisajili mwenyewe kupitia *147# na uongeze mke au mume na watoto. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, si chini ya KSh 300 kwa mwezi, na asiyelipwa mshahara Kenya hulipa wa mwaka mzima kwa pamoja.

Je, pesa zikiingia kwa simu zinakatwa ushuru?

Kupokea pesa si mapato mapya. Ushuru wa mapato unatozwa kwa mshahara, uwe umelipwa kwa benki, kwa simu au mkononi. Kile unachokatwa ukituma ni ada ya huduma, na ndani yake mna ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 ya ada hiyo, si ya pesa unazotuma.

Kumbuka pia: taarifa yako ya miamala inaonyesha pesa zilikufikia. Haionyeshi kwamba ushuru ulilipwa.

Weka hizi, kila mwezi

1. Slipu ya mshahara inayoonyesha mshahara kamili, ushuru na NSSF. Mwajiri akikupa pesa bila slipu, omba barua iliyotiwa saini na muhuri.
2. Namba yako ya ushuru ya Uganda na uthibitisho kwamba mwajiri alipeleka ushuru kwa jina lako. Anatakiwa kuupeleka kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.
3. Taarifa ya NSSF.
4. Taarifa ya miamala ya simu, ili kiasi ulichopokea kilingane na slipu.

Piga picha kila karatasi na ujitumie kwa barua pepe. Simu hupotea.

Tarehe za kukumbuka

Kama kuna salio la ushuru wa mwaka uliopita, lilipe kufikia 30 Aprili. Ritani yenyewe iwe imeingia iTax kufikia 30 Juni, mshahara wa nje ukiwa umeandikwa na ushuru uliokatwa kule ukiwa umedaiwa. Ukichelewa, faini ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa.

Kama umekuwa ukijaza nil na huku una mshahara ng'ambo, usingoje barua. Ritani ya zamani inaweza kurekebishwa kwenye iTax. Anza na slipu za mwaka jana: muombe mwajiri nakala wiki hii, ukiwa bado unafanya kazi kwake.