Mji wa Chato

Mtu akitoka Mwanza kwenda magharibi hufika Kigongo, mahali mkono wa Ziwa Viktoria unapoikata njia. Ng'ambo yake ni Busisi. Kisha njia hupita Sengerema na Geita, hata kufika Chato, kando ya ziwa hilohilo. Watu wa Chato walilima pamba na mihogo, wakavua samaki, na jina la mji wao halikusikika mbali.

Huko alizaliwa John Pombe Magufuli, mwaka 1959. Alifundisha shule Sengerema, akawa mkemia katika chama cha ushirika cha Nyanza, na mwaka 1995 akaingia Bungeni. Mwezi wa Novemba 2015 akawa Rais. Basi neema ikaishukia Chato kama mvua ya masika. Pakajengwa kiwanja cha ndege, chenye njia ya kurukia ya kilometa 3. Ikaanzwa hospitali kubwa ya kanda. Zikawekwa taa za kuongoza magari, ingawa magari yenyewe yalikuwa machache. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa hifadhi ya taifa, nayo ikaitwa Burigi-Chato. Hata Wang Yi, waziri wa mambo ya nje wa China, alipofika Tanzania mwezi wa Januari 2021 alipokewa huko.

Maneno yakawa mengi. Wengine waliuliza kwa nini kodi ya nchi nzima iupambe mji wa mtu mmoja. Wengine wakajibu kwamba watu wa mbali nao ni raia, na kwamba mgonjwa wa Chato hakupaswa kuvushwa ziwa ndipo apate tabibu bingwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Kwa habari ya hospitali jibu hilo lina nguvu. Kwa habari ya taa halina.

Mji wa namna hii ulikuwako Kongo pia. Mobutu, aliyetawala toka 1965 hata 1997, alijenga Gbadolite katikati ya msitu: majumba ya kifalme, na kiwanja kilichoweza kupokea ndege ya Concorde. Alipoanguka, majumba yakatekwa nyara, na miti ikaota ndani ya kuta.

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, akazikwa Chato. Palikuwa na ombi kwamba Chato pawe makao ya mkoa mpya, lakini mkoa huo haukuanzishwa wakati ule. Hospitali, hata hivyo, haikufungwa. Wagonjwa wa wilaya za jirani huijia.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 na jina la Magufuli. Hilo si la Chato peke yake. Ni la Sengerema, na Geita, na kila apitaye. Na mgonjwa apelekwaye Bugando usiku hangojei tena kivuko.