Somo la Afya: Tauni ya Lushoto na Vibarua Wetu

Ndugu wanachama, msishangae kuona Lushoto ikitajwa katika gazeti la wenye mikarafuu. Huko milimani Usambara, kwa wakulima wa mahindi, maharagwe na viazi, tauni ilizuka mwaka 1980, ikawa yarudi karibu kila mwaka kwa zaidi ya miaka 20. Maelfu waliugua, na mamia wakafa.

Tauni ni ugonjwa wa panya, na mletaji wake ni kiroboto. Panya akifa, kiroboto hutafuta damu nyingine. Siku chache baadaye mtu hushikwa na homa kali na mtoki kinenani au kwapani. Akipata dawa mapema hupona. Akificha homa siku mbili tatu, maisha yake yamo hatarini.

Wataalamu waliochunguza waliona kwamba wanawake na watoto ndio walioumwa zaidi. Sababu mojawapo waliyoitaja ni malazi. Mahindi huwekwa ndani ya nyumba, panya huyafuata, na alalaye sakafuni yu karibu na kiroboto kuliko mwenye kitanda. Hapo ndipo tulipotaka kufika. Nyumbani kwetu, nani alalaye chini? Mara nyingi ni mtumishi, tena jikoni, kando ya magunia. Na msimu ukifika, wachumaji hulala madagoni juu ya majamvi.

Tauni haiko kwetu, lakini kipindupindu twakijua tangu mwaka 1978, nacho hupenda dago lisilo choo wala maji safi. Mchumaji hulipwa kwa kilo alizochuma. Siku asipochuma hana kitu. Basi tumbo likimshika atanyamaza, na kesho yake atapanda mti. (Kupanda mkarafuu na homa ni kutafuta kuvunjika.)

Rai yetu ni kwamba mwenye shamba atangaze siku ya kwanza ya dago, mbele ya nyapara, kuwa atakayeugua atapata chakula, posho ya siku zake na nauli ya hospitali. Wengine watasema vibarua watajifanya wagonjwa. Wapo, hatukatai. Lakini posho ya mvivu mmoja ni senti. Dago zima likilala, karafuu huchanua mtini na bei imekwenda.

Mtumishi wa nyumbani naye asifungishwe virago kwa kuwa ana homa. Ukimpakia gari arudi kwao, umemnyima dawa, na pengine umewapelekea wazee wake ugonjwa. Mpeleke hospitali, mshahara wake usikatwe. Mpatie kitanda, hata cha kamba, na nafaka itiwe katika pipa lenye kifuniko, mbali na anapolala.

Mkiona panya wamekufa ovyo, msiwashike kwa mikono. Mwiteni bwana afya, viroboto wapigwe dawa kwanza, ndipo panya wategwe. Mkianza na panya, viroboto watawahamia watu.