Asilimia 3 ya Nini, Mdogo Wangu?

Haya wadogo zangu, sogeeni. Mmoja wenu kule Igunga kaniuliza: AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika cha pamba, inataka kukopa, mwenyekiti anasema riba ni "asilimia 3 tu", na huyu mdogo wangu ni mjumbe wa bodi. Asaini?

Kwanza tulia. Asilimia 3 kwa mwezi au kwa mwaka? Mkikopa milioni 10 na riba ya asilimia 3 ikahesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote, ni laki 3 kila mwezi. Mwaka ukiisha, riba peke yake ni milioni 3 na laki 6. Mkopo wa kilimo wa asilimia 9 kwa mwaka, kama ule benki zetu kubwa zilioanza kuutangaza 2021, riba yake haizidi laki 9 kwa mwaka. Hiyo "3 tu" ndiyo ghali!

La pili, tarehe. Pamba mnapanda Novemba na Desemba, soko hufunguliwa kama Mei. Sasa rejesho la kwanza likiwekwa Februari mtalipa kwa pesa gani, ya kuuza mbuzi? Mwambieni afisa mikopo marejesho yafuate mauzo. Asipokubali, ondokeni.

Tena usisaini kabla hujauona muhtasari wa mkutano mkuu. Chama hakikopi kwa utashi wa bodi: wanachama hupitisha ukomo wa madeni, Mrajis wa vyama vya ushirika akauidhinisha. Omba na taarifa ya ukaguzi ya COASCO, shirika linalokagua vyama vya ushirika. Katibu akianza kukuzungusha, umeshapata jibu lako.

Mtasikia pia kwamba Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo. Ni kweli, na unasaidia sana wasio na hati. Ila mfuko unaipunguzia benki hasara, hauwafutii ninyi deni. Wapo wanaochanganya hapo makusudi.

Kinachowatia watu matatani zaidi ni mizani. Deni hukatwa pamba inapopimwa. Jirani akitorosha yake usiku kwa baiskeli akauze kwingine, makato yake hayaonekani, na chama kinabaki kudaiwa. Kwa hiyo ulizeni leo, mbele ya wote, nani anachukua pembejeo za mkopo huo na kilo ngapi za pamba anaahidi kuleta. Iandikwe, atie dole gumba.

Ukishaupata mkataba nitumie ukurasa wa marejesho kwanza. Mihuri nitaiangalia baadaye.