Mwenye Msiba na Maneno ya Mola Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, darsa yetu imefikia mlango wa subira, na yatupasa tueleze vipi aliyefikwa na msiba atayasikia maneno ya Mola wake, wala asikate tamaa.

Tuwatazame ndugu zetu wa Isiolo. Katika vita vya mwaka 1963 hata 1967, wengi wao walikusanywa na serikali katika vijiji vilivyolindwa na askari, kama Garba Tulla na Merti, wakazuiliwa malisho. Ngamia na ng'ombe wao wakaangamia. Wazee wa Kiborana wauita wakati ule Daaba. Kisha tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022, misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na mifugo ikafa tena. Nasi wa pwani tunayo misiba yetu: bahari yachukua vijana, maradhi yachukua watoto.

Aliyefikwa na haya huuliza: Mbona Mungu amenyamaza? Na hapo shetani humvuta kwa mpiga ramli, akatafute jawabu katika mchanga.

Jueni ya kuwa Mwenyezi Mungu hakutuacha. Mtume mwenyewe (s.a.w.) wahyi ulimkatikia kwa muda, washirikina wakasema Mola wake amemtupa. Ndipo ikashuka Sura ya Wadh-Dhuha, kumjulisha ya kuwa hakuachwa wala hakuchukiwa, na kumkumbusha alivyokuwa yatima akahifadhiwa. Kisha akaagizwa awatendee wema yatima na waombaji. Basi zingatieni: faraja ya Mungu ilikuja pamoja na kazi.

Hatusemi mtu asilie. Mtume alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na Nabii Yaakub (a.s.) alilia hata macho yake yakawa meupe. Lakini Yaakub alimshitakia Mungu peke yake, tena akawatuma wanawe wakamtafute Yusuf, akiwakataza kukata tamaa. Mwenye kutaraji hakai kitako.

Basi mwenye msiba na aifungue Qur'ani aifahamu maana yake. Tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy imetoka tangu mwaka 1969. Asiyejua Kiarabu hana udhuru.

Na sisi majirani tunalo letu. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamrisha watu wake wapikiwe chakula. Leo sisi twamtaka mjane atupikie sisi! Akope, achinje, tule siku tatu, kisha tumwachie deni na mayatima. Waborana wana ada yao, busa gonofa: aliyepotelewa na mifugo, ukoo wake humchangia wanyama aanze tena. Je, hii si karibu zaidi na Sunna kuliko matanga yetu?

Mfiwa akisomewa aya za rehema na huku ghala yake yamalizwa na wasomaji, ataisadiki vipi rehema hiyo? Tumpelekee chakula, tumlipie deni, tumshike mkono yatima; hapo maneno ya Mola wake yatamwingia moyoni.

Mwenyezi Mungu awape subira wenye misiba, nasi atuwafikishe kuwasaidia. Amin.