Mbwa Mtundu wa Senema

Wengi wetu tumekwisha kuona, vibandani au nyumbani wakati wa likizo, zile senema za Kimarekani zenye mbwa asiyesikia. Katika Marley & Me ya mwaka 2008, Labrador afukuzwa katika darasa la mafunzo ya mbwa, kisha ameza mkufu wa dhahabu wa bibi mwenye nyumba. Sisi twacheka.

Yafaa tutazame jinsi picha hiyo ilivyotengenezwa. Huyo Marley si mbwa mmoja: walitumika Labrador 22, maana hadithi yamfuata tangu utoto hata uzee. Tena utundu wa namna hiyo hufundishwa. Mfundishaji husimama kando ya kamera, atoa ishara, mbwa ararua mto, kisha apewa kipande cha nyama. Basi mbwa yule tunayedhani hasikii, kwa kweli asikia kuliko mbwa wote wa Lukozi! Lakini mfundishaji haonekani kamwe, na mwenye mbwa aonyeshwa kama mtu mwema aliyepatwa na bahati mbaya tu.

Hapo ndipo nisipokubali. Utundu wa mbwa haunyeshi kama mvua. Mbwa afungwaye kamba fupi mchana kutwa, na kutupiwa mawe na watoto, naye yumo darasani, ajifunza kuuma. Bwana wake ndiye mfundishaji, ajue asijue.

Tena katika senema hizo hasara ni makochi na viatu. Huku kwetu mbwa hulinda nyumba na mashamba, na akiuma, twaogopa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Dalili zikiisha kutokea, ni nadra sana mtu kupona. Lakini chanjo itolewayo mapema huzuia, na jambo hilo lajulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa, mwaka 1885.

Kwa hiyo aliyeumwa asingoje kuona kama mbwa atakufa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Na mwenye mbwa, hata akiwa jirani mwema, aulizwe bila haya: mbwa huyu alichanjwa lini?